Kutoka Mjadala wa Mtandaoni hadi Muhtasari wa Mtaa: Mikutano ya Kimtandao, Maisha ya Kiraia na Haki za Kijamii katika Mji wa Tunduma

IKISIRI

Makala haya yanafafanua nafasi ya mikutano ya kimtandao katika maisha ya kiraia ya mji wa mpakani wa Tunduma, Mkoa wa Songwe. Hoja yake kuu ni kwamba mjadala wa mtandaoni huongeza idadi na aina ya watu wanaosema, lakini haumlazimishi kiongozi yeyote kujibu mpaka yaliyosemwa yaingie katika ajenda na muhtasari wa mkutano unaotambuliwa na sheria. Uchambuzi umejengwa juu ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, sheria za serikali za mitaa, sheria za mawasiliano na taarifa, pamoja na matukio yanayojulikana ya Tanzania na Kenya. Makala yanaonesha kwamba mtaa wa mjini una uwezo mdogo wa kisheria kuliko kijiji, kwamba watu wanaoishi mpakani hawana haki sawa za kushiriki katika maamuzi, na kwamba majukwaa yanayotumika hayamo mikononi mwa wakazi. Mwishoni yanaelezwa hatua ambazo hoja ya mtandaoni inapaswa kupitia ili irudi mkutanoni ikiwa yatokanayo.

Istilahi muhimu: mkutano wa kimtandao, maisha ya kiraia, haki za kijamii, mtaa, muhtasari, Tunduma

1.0 Utangulizi

Kadiri simu janja zilivyoenea, sehemu kubwa ya mazungumzo ya wakazi wa miji ya Tanzania kuhusu maji, ushuru, usafi, usalama na matumizi ya mapato ya halmashauri imehamia mtandaoni. JamiiForums, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2006, lilikuwa miongoni mwa majukwaa ya awali ya Kiswahili yaliyowawezesha wananchi kujadili masuala ya utawala bila kukutana ana kwa ana. Baadaye yalifuata makundi ya WhatsApp, mijadala ya sauti ya mubashara na mikutano ya video, ambayo ilipata msukumo mpya wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020.

Mjadala wa kitaaluma kuhusu mabadiliko haya umeelekea zaidi kwenye uhuru wa kusema: nani amezuiwa, kwa sheria ipi na kwa adhabu gani. Swali hilo ni la msingi, lakini halitoshi. Lipo swali la pili ambalo lina uzito zaidi katika ngazi ya mtaa: mkazi anaposema mtandaoni, nani analazimika kumjibu? Mama lishe anayelalamikia ushuru katika kundi la WhatsApp la mtaa wake anaweza kusomwa na watu mia tano, akaungwa mkono na wote, na bado asubuhi akatozwa kiwango kilekile. Makala haya yanashughulikia pengo hilo kati ya kusikika na kujibiwa, kwa kuurejelea mji wa Tunduma.

2.0 Ufafanuzi wa dhana

Kiswahili kina neno moja linalobeba pande zote mbili za tatizo hili, nalo ni baraza. Kwa maana ya kwanza, baraza ni sehemu ya kukaa mbele ya nyumba, hasa katika miji ya pwani, ambapo majirani na wapita njia huketi kuzungumza. Hapo hapana akidi wala mwenyekiti, na anayeondoka haachi azimio. Kwa maana ya pili, baraza ni chombo chenye mamlaka: Baraza la Wazee, Baraza la Madiwani, Baraza la Mawaziri. Katika maana hii yapo mahudhurio, ajenda, uamuzi na kumbukumbu.

Tofauti hiyo inakaribiana na ile iliyoelezwa na Nancy Fraser mwaka 1990 alipoihakiki nadharia ya uwanja wa umma ya Jürgen Habermas, iliyochapishwa mwaka 1962. Habermas aliona kwamba mazungumzo huru ya raia katika mikahawa, magazeti na vyama vya Ulaya ya karne ya 18 yalizaa maoni ya umma yaliyoweza kuisahihisha dola. Fraser alionesha kwamba uwanja huo uliwaacha nje wanawake na tabaka la wafanyakazi. Aidha, alitofautisha umma dhaifu, ambao kazi yake huishia kwenye kujenga maoni, na umma wenye nguvu, ambao hujenga maoni na pia kufanya maamuzi, mathalani bunge.

Kwa mujibu wa makala haya, mkutano wa kimtandao ni mkusanyiko wowote wa wakazi unaofanyika kwa njia ya simu au kompyuta kwa wakati uliopangwa, ukiwa na mada inayohusu maslahi ya pamoja. Mkutano huo ni baraza kwa maana ya kwanza. Kinachochunguzwa ni namna unavyoweza kulifikia baraza la maana ya pili.

3.0 Tunduma kama mji wa mpakani

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa, wilayani Mbozi. Tunduma, ambayo ina Halmashauri yake ya Mji, ndiyo lango kuu la Tanzania kuelekea Zambia. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia na reli ya TAZARA zote hupita hapo, na malori yaendayo Zambia na ukanda wa madini wa kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huvuka katika mpaka huo. Upande wa pili uko mji wa Nakonde. Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani kilizinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu, kwa lengo la kupunguza muda wa ukaguzi wa mizigo na abiria.

Maisha ya mji huu yanawahusu watu wa aina nyingi: madereva wa masafa marefu, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, wachuuzi, waendesha bodaboda, mama lishe, wakulima wanaoleta mazao, na watumishi wa umma. Wengi wao hawawezi kuhudhuria mkutano wa mtaa saa nne asubuhi. Dereva yuko njiani, mchuuzi yuko sokoni, na mama lishe hawezi kuliacha jiko wakati wateja wanakula. Mkutano wa jioni kwa njia ya simu unaweza kuwafikia watu hawa mahali walipo, na hiyo ndiyo faida yake ya kwanza na ya wazi.

Mpaka nao una athari zake. Kinyamwanga huzungumzwa pande zote mbili, na koo nyingi zimegawanywa na mstari uliochorwa na wakoloni. Tanzania hufuata saa za Afrika Mashariki na Zambia saa za Afrika ya Kati; saa mbili usiku ya Tunduma ni saa moja usiku ya Nakonde. Simu ya mkazi wa karibu na mpaka inaweza kunasa mnara wa upande wa pili, saa yake ikarudi nyuma na bando lake lisifanye kazi. Jambo dogo kama hilo linaweza kuamua nani yumo mkutanoni na nani ameachwa nje.

4.0 Mkutano wa wakazi kisheria

Ibara ya 146 ya Katiba inaeleza kwamba lengo la kuwapo kwa serikali za mitaa ni kuyapeleka madaraka kwa wananchi. Historia ya lengo hilo haikunyooka. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na zikarejeshwa kisheria mwaka 1982 kwa sheria mbili: moja ya Mamlaka za Wilaya, ambayo sasa ni Sura ya 287, na nyingine ya Mamlaka za Miji, Sura ya 288.

Tofauti ya sheria hizo ina maana kubwa kwa Tunduma. Chini ya Sura ya 287, Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaojumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndicho chombo cha juu kabisa cha kijiji. Halmashauri ya Kijiji ni chombo chenye nafsi ya kisheria: inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo. Mtaa wa mjini hauna uwezo huo. Mtaa una mwenyekiti anayechaguliwa na wakazi, kama ilivyofanyika katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024, una kamati yake, na una Afisa Mtendaji ambaye ni mtumishi wa halmashauri. Maamuzi mazito kuhusu bajeti, ushuru na ardhi hufanyika juu yake.

Kwa hiyo, eneo la kijiji linapogeuzwa kuwa mtaa kutokana na kukua kwa mji, wakazi wake hupata hadhi ya mjini na papo hapo hupoteza sehemu ya mamlaka waliyokuwa nayo wakiwa wamekusanyika pamoja. Hoja yao sasa hulazimika kupanda ngazi: kutoka mkutano wa mtaa hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na diwani, na kutoka hapo hadi Baraza la Madiwani. Kinachoibeba hoja katika ngazi hizo ni karatasi, yaani muhtasari.

Muhtasari wa mikutano ya Kitanzania una mpangilio unaofahamika: kufungua kikao, kuthibitisha ajenda, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, ajenda za siku, mengineyo na kufunga. Mpangilio huu huonekana kama desturi tu ya kiofisi, lakini ndani yake umo utaratibu wa uwajibikaji. Jambo lililoandikwa leo hurudi katika kikao kijacho chini ya yatokanayo, na aliyepewa kazi huulizwa amefikia wapi. Mjadala wa mtandaoni, hata ukiwa na hoja nzito kiasi gani, hauna yatokanayo. Jumbe mpya huzifunika za jana, na aliyeahidi jambo hana mahali pa kuulizwa.

5.0 Aina za mikutano ya kimtandao

Njia zinazotumika hazilingani katika uwezo wake wa kuzaa kumbukumbu. Kundi la WhatsApp ndilo rahisi kuliko zote. Linaweza kuwa na watu hadi 1,024, ujumbe wa sauti humwezesha asiyeandika vizuri kushiriki, na mwenye bando dogo anaweza kusoma baadaye. Hata hivyo, kundi halina mwanzo wala mwisho. Matangazo ya misiba, ya biashara na malalamiko kuhusu taka huchanganyika, na mwenye kundi anaweza kumwondoa mtu bila kutoa sababu.

Mjadala wa sauti wa mubashara, kama ule wa X, hukusanya watu wengi kwa wakati mmoja. Kenya imetoa mfano ulio wazi zaidi katika Afrika Mashariki. Mwezi Juni 2024 vijana waliujadili Muswada wa Fedha kwa njia hiyo usiku kucha. Tarehe 26 Juni Rais William Ruto alitangaza kwamba hangeutia saini, na tarehe 5 Julai yeye mwenyewe aliingia katika mjadala wa sauti wa X kujibu maswali. Pamoja na hayo, inafaa kuzingatiwa kwamba mjadala peke yake haukuuondoa muswada huo. Palikuwa na maandamano yaliyogharimu maisha, na Rais aliurudisha muswada bungeni kwa utaratibu wa Ibara ya 115 ya Katiba ya Kenya. Sauti ya umma dhaifu ilipata matokeo ilipopita katika mlango wa umma wenye nguvu.

Mkutano wa video unakaribia zaidi umbo la kikao rasmi, kwa kuwa una mwenyekiti, orodha ya washiriki na nafasi ya kunyoosha mkono. Unahitaji, hata hivyo, intaneti yenye nguvu na bando kubwa, na kwa asiyelipia Zoom hukatika baada ya dakika 40. Matokeo yake ni kwamba njia inayofanana zaidi na kikao ndiyo inayowaacha nje watu wengi zaidi.

Njia ya nne ni upigaji simu za kawaida. Utafiti wa Sauti za Wananchi wa taasisi ya Twaweza uliwapatia wahojiwa wake wa awali simu na chaja za umeme wa jua, kisha ukawapigia mara kwa mara kukusanya maoni yao. Huo ni utafiti wala si mkutano, kwani maswali hutoka kwa mtafiti na wahojiwa hawasikilizani. Funzo lake kwa mtaa ni kwamba mwenye simu ya kitochi anaweza kufikiwa iwapo anayeandaa mkutano yuko tayari kubeba gharama, badala ya kumbebesha mkazi.

6.0 Nani anaachwa nje

Kuachwa nje hakuletwi na gharama pekee. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni na mawasiliano, ilhali Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu yeye au taifa. Katika mji wa bara hayo yanaweza kupita bila kuonekana, lakini mpakani yanaleta tofauti. Mfanyabiashara wa Nakonde anayeuza Tunduma kila siku anaweza kuzungumza katika kundi la wafanyabiashara, lakini si mpigakura wa mtaa. Amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwemo za uwakala wa fedha kwa simu na saluni, ni mfano wa uamuzi unaowagusa watu ambao hawana kikao cha kuuliza.

Mchuuzi raia naye ana upungufu wake. Zambia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kwa sababu hiyo utaratibu uliorahisishwa wa biashara ndogo wa jumuiya hizo, unaowasaidia wachuuzi katika mipaka mingine, haumhusu avukaye Tunduma. Suala la namna hii haliwezi kumalizwa na mtaa mmoja. Mkutano wa kimtandao unaounganisha mitaa kadhaa, wachuuzi wa pande mbili na wataalamu walioko Dodoma au Lusaka una faida ambayo mkutano wa chini ya mwembe hauwezi kuwa nayo.

Lipo pia suala la hofu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizotolewa mwaka 2018 na kuandikwa upya mwaka 2020, zimewafanya watu wengi wapime maneno yao. Ujumbe unaotumwa katika kundi la WhatsApp huweza kuonesha namba ya simu ya mwandishi, na katika mji ambapo muuza vocha anamfahamu kila mteja, namba ni sawa na jina. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatoa msingi wa kudai kwamba anayerekodi mkutano awaeleze washiriki kwa nini anarekodi na rekodi itatunzwa wapi.

7.0 Udhaifu wa jukwaa lisilo la wakazi

Mtaa unaoweka kumbukumbu zake zote mtandaoni huzikabidhi kwa wengine. Mtandao wa X uliwekewa vizuizi nchini wakati wa Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2020, na tarehe 20 Mei 2025 watumiaji wa Tanzania walianza tena kushindwa kuupata. Mwezi Septemba 2025 leseni ya JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90. Siku ya Uchaguzi Mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima na kuanza kurejea Novemba 3. Tangu Oktoba 2023 matumizi ya VPN nayo yamewekewa sharti la kusajiliwa.

Kwa mkazi wa Tunduma, siku hizo zilikuwa na maana ya vitendo. Mji unaoishi kwa mizigo, miamala ya simu na mawasiliano na upande wa pili ulinyamazishwa kwa pamoja na majukwaa yake ya mjadala. Hapo ndipo thamani ya daftari la muhtasari lililohifadhiwa katika ofisi ya mtaa inapoonekana, kwani intaneti ikizimwa daftari hubaki likisomeka.

8.0 Kutoka mengineyo hadi yatokanayo

Hoja nyingi za mtandaoni, zikifika mkutanoni, huingizwa katika mengineyo, wakati watu wamechoka na wengine wameondoka. Ili zivuke hapo zinahitaji hatua nne, ambazo zinaweza kuelezwa kwa mfano wa mikopo ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Hatua ya kwanza ni kuligeuza lalamiko kuwa swali. Kauli kwamba mikopo hupewa watu walewale haiwezi kujibiwa kikaoni. Swali kuhusu idadi ya vikundi vilivyoomba na vilivyopata katika kila kata linaweza kujibiwa, na halifichui taarifa za mtu binafsi. Hatua ya pili ni kuliwasilisha swali hilo kwa maandishi kwa Mwenyekiti na Afisa Mtendaji wa Mtaa kabla ajenda haijapangwa, likiwa na majina ya wakazi walio tayari kulisimamia. Wasiotaka kutajwa wamekwisha kutoa mchango wao katika mjadala.

Hatua ya tatu ni kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayomruhusu raia kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma na kumtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku 30. Ombi la maandishi lina tarehe, na tarehe huzaa wajibu. Hatua ya nne ni kulirudisha jibu, au taarifa kwamba halikutolewa, katika mkutano unaofuata chini ya yatokanayo, na kisha kulitangaza katika kundi lilelile ambamo swali lilianzia. Hatua hii ya mwisho ndiyo husahaulika, nayo ndiyo humfanya dereva aliyeko njiani aone kwamba sauti yake ilifika.

Utaratibu huu unahitaji mtu wa kuandika. Kundi lililochagua katibu wa kuandika muhtasari wa kurasa mbili baada ya kila mjadala limepiga hatua kubwa kuliko kundi lililoongeza wanachama mia mbili.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mkutano wa kimtandao hauwezi kuchukua nafasi ya mkutano wa mtaa, na kwamba mkutano wa mtaa usiosikiliza mtandao utaendelea kuhudhuriwa na wachache wenye nafasi ya kukaa asubuhi nzima. Kila mmoja unaziba upungufu wa mwingine: wa kwanza huwaleta watu, wa pili hutoa wajibu wa kujibu. Kwa mji kama Tunduma, ambao mtaa wake una mamlaka madogo na wakazi wake wamegawanywa na kazi, mpaka na uraia, haki ya kijamii inategemea kwa kiasi kikubwa kiungo kati ya mikutano hiyo miwili.

Kuhusu sera, inafaa Sura ya 288 ifanyiwe mapitio ili mkutano wa wakazi wa mtaa upewe uzito unaokaribia ule wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, na ili hoja zilizowasilishwa kwa njia ya kielektroniki zitambuliwe katika kuandaa ajenda. Mahakama ya Tanzania imekwisha kukubali kusikiliza mashauri kwa njia ya video, hivyo hakuna sababu ya kimsingi ya kukataa hoja ya mkazi kwa kuwa tu ilitumwa kwa simu. Kuhusu utafiti, yanahitajika machunguzi yatakayolinganisha mihtasari ya mitaa na mijadala ya makundi yake kwa kipindi kimoja, ili kupima ni hoja ngapi zilizovuka na ni zipi zilizoishia mtandaoni.